Hivi tangu lini mtu analipa ili afanye kazi?

Wasomaji wangu, leo tunakwenda Ufilipino. Najua wapo watakaouliza Ufilipino inatuhusu nini sisi wa hapa Dar, wakati hata ya daladala za Mbagala hatujayamaliza. Vumilieni kidogo. Kuna jambo walilofanyiwa manesi vijana wa kule ambalo limenikaa kooni, na kila nikisoma maelezo ya wakubwa wao naona hayasimami hata kwa mguu mmoja.

Ufilipino ni nchi inayosomesha manesi kama vile sisi tunavyopanda mihogo. Nenda wodi yoyote ya Riyadh, ya London, ya Houston, utamkuta Mfilipino anapima presha ya mtu. Hili halikuja kwa bahati. Wamarekani walipoitawala nchi ile walianzisha shule za uuguzi kwa mtindo wa kwao na kwa Kiingereza chao, na ya kwanza ilikuwa ile ya hospitali ya misheni kule Iloilo, mwaka 1906. Kuanzia 1948 Marekani ikawa na mpango wa kubadilishana wageni, na kupitia mlango huo maelfu ya manesi wa Kifilipino wakaingia kwenye hospitali zake. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino akawapa Wafilipino wote wafanyao kazi ng'ambo jina la mashujaa wapya. Jina zuri kweli. Shujaa huwa hadai posho.

Ukisikia hayo utadhani kwamba binti aliyesota miaka minne ya shahada ya uuguzi, akafanya mtihani wa leseni na kufaulu, hospitali za kwao zitamgombania kama mpira wa kona. Thubutu!

Mtihani wenyewe si wa mchezo. Ni siku mbili, karatasi tano, kila karatasi maswali 100. Ili ufaulu unatakiwa upate wastani wa asilimia 75, na usiwe na karatasi hata moja iliyoshuka chini ya 60. Novemba 2009 waliukalia watu zaidi ya 94,000, wakafaulu kiasi cha asilimia 40 tu. Julai 2010 wakaukalia wengine zaidi ya 91,000, wakafaulu kwa kiwango hicho hicho. Piga hesabu: ndani ya miezi minane nchi moja imepata manesi wapya wenye leseni wapatao 75,000. Matokeo yakitoka familia inachapisha picha ya binti kwenye bango la plastiki, jina lake na cheo chake kwa herufi kubwa, linatundikwa nje ya nyumba mtaa mzima uone. Mama anatembea kifua mbele. Binti anakula kiapo, anapewa kitambulisho cha leseni, na kesho yake anachukua bahasha.

Bahasha ya kaki mnaijua, sina haja ya kueleza. Ndani yake mna nakala ya leseni, matokeo ya chuo, alama za mtihani, cheti cha huduma ya kwanza, cheti cha mafunzo ya kuweka dripu (alichokilipia mwenyewe), picha ndogo na barua ya maombi. Anazunguka hospitali za Manila nzima. Getini mlinzi anamwambia aache bahasha. Ofisi ya utumishi inamwambia nafasi hakuna, au zipo lakini wanataka mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Uzoefu ataupata wapi kama kila mlango unadai uzoefu? Kwa Kitagalogi wana neno lao, palakasan, linalotokana na neno la nguvu: aliye na mtu mwenye nguvu nyuma yake ndiye anayepita. Sisi tunaita kimemo. Yule ambaye hana mjomba serikalini na hana kimemo anabaki na njia moja, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Anaambiwa: unaweza kuanza kwa kujitolea.

Kujitolea! Na hapo hapo anaelekezwa kwa mhasibu. Ndiyo, mhasibu. Katika miaka ile ya 2000 kuelekea 2010 ikawa kawaida kwa hospitali nyingi za Ufilipino, za watu binafsi na hata za umma, kuwapokea manesi wenye leseni kamili kama wajitoleaji au wanafunzi wa mafunzo maalumu, halafu kuwatoza ada. Maelfu ya peso kwa miezi michache. Anafanya zamu kama wengine, usiku anakesha, anageuza wagonjwa, anapima joto, anabadilisha shuka, anagawa dawa, na mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyelipa. Mwishoni anapewa karatasi yenye mhuri inayosema alikuwepo.

Sasa niambieni, hivi tangu lini mtu analipa ili afanye kazi? Mwanafunzi analipa ada, sawa, kwa sababu kuna mtu anamfundisha na akikosea kuna mtu anayebeba dhamana. Huyu ana leseni. Akikosea dozi saa tisa za usiku akiwa na wagonjwa thelathini, leseni itakayowekwa mezani ni yake. Mkataba hana, bima hana, mshahara hana, lakini lawama anayo yote kamili. Kwenye lawama ni nesi, kwenye malipo ni mwanafunzi. Hospitali imechagua kila mara upande unaoifaa.

Kwa nini alikubali? Watu wenye mishahara hupenda kuuliza swali hili kwa sauti ya dharau kidogo. Alikubali kwa sababu mwajiri wa Saudia au wa Uingereza hataki cheti tu, anataka uthibitisho kwamba umefanya kazi hospitalini mwaka mmoja au miwili, tena mara nyingi hospitali kubwa yenye vitanda vya kutosha. Bila karatasi ile yenye mhuri hakuna ndege. Wenye hospitali walilijua hilo. Wakatambua kwamba wana bidhaa mbili za kuuza: matibabu kwa mgonjwa, na uzoefu kwa nesi. Ya pili haikuwagharimu kitu, na bado iliwapa wafanyakazi wa bure wa kuhudumia ya kwanza. Nimewahi kuona biashara za ujanja hapa mjini, lakini hii imepita.

(Wenzangu wa magazeti mnacheka, lakini mnajua ninachokizungumza. Ukimaliza chuo cha habari unaambiwa uandike kwanza bila malipo ili upate jina. Kuna chumba kimoja cha habari, sitakitaja, nilikoandikia miezi mingi kwa malipo ya jina hilo hilo. Sisi angalau hakuna aliyetuomba ada, na kosa letu likitokea watu wanakasirika tu, hawafi.)

Twende kwenye utetezi wa wakubwa. Wa kwanza ni huu: wamekuwa wengi mno, soko limejaa, vijana walikimbilia uuguzi kwa tamaa ya dola. Ukikisikia mara ya kwanza kinaingia akilini. Ni kweli shule za uuguzi zilifika zaidi ya 400. Ni kweli hata madaktari, madaktari kamili, walirudi darasani kusomea unesi ili waende Marekani. Lakini shule hizo nani alizipa vibali? Binti wa miaka 17 ndiye aliyesaini? Wenye shule walichukua ada, serikali ikahesabu dola zitakazotumwa nyumbani, na wazazi wakauza nyati wa kulimia. Kisha milango ya nje ikaanza kufungwa. Mwaka 2006 Uingereza iliwaondoa manesi wa kawaida kwenye orodha ya kazi zenye upungufu. Viza za Marekani zikaingia kwenye foleni ya miaka, na mwaka 2008 mtikisiko wa uchumi ukamalizia. Wenye shule walikwisha kula kwa urefu wa kamba zao. Aliyebaki na deni ni yule wa kwenye bango.

Nisisahau mkasa wa Juni 2006, maana unaonyesha namna mzigo unavyoteremshwa hadi kwa aliye chini kabisa. Mtihani wa leseni ulivuja. Watahiniwa walikuwa kama 42,000, na waliofaulu kama 17,000. Februari 2007 chombo cha Marekani kinachohakiki vyeti vya manesi wa kigeni kikatangaza kwamba waliopata leseni kwa mtihani ule hawatapewa hati ya viza mpaka warudie karatasi mbili, ya tatu na ya tano. Hata yule ambaye hakuwahi kuona swali lililovuja, aliyesoma kwa mshumaa, alirudi kwenye kiti cha mtihani.

Nirudi kwenye hoja ya wingi. Wengi kulinganisha na nini? Kipimo cha Wizara ya Afya ya kule ni nesi mmoja kwa wagonjwa 12 wodini. Manesi wa hospitali za umma wamekuwa wakilalamika miaka nenda rudi kwamba mmoja anaachiwa ishirini, thelathini na zaidi. Basi hebu tuelewane. Kama nje ya geti kuna manesi elfu kadhaa wenye bahasha, na ndani ya geti nesi mmoja anakimbizana na wagonjwa thelathini, hapo hakuna wingi wa manesi. Kuna uchache wa mishahara. Nafasi za kudumu kwenye bajeti zilikuwa chache, na ni rahisi zaidi kumwambia kijana kuwa amezidi kuliko kumwambia waziri wa fedha kuwa amepunguza.

Na serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo. Mwaka 2009, chini ya Rais Gloria Macapagal Arroyo, ilianzisha mpango ulioitwa NARS wa kupeleka manesi wasio na kazi kwenye miji maskini, kwa posho ya peso 8,000 kwa mwezi, miezi sita, kisha kwaheri. Mwaka 2011 serikali iliyofuata ikaja na RN HEALS: manesi 10,000, mwaka mmoja, posho ile ile ya 8,000. Kumbe kazi ilikuwepo! Vijijini walikuwepo watoto wa kuchanjwa na wajawazito wa kupimwa, tena wa kutosha manesi elfu kumi kwa mkupuo. Kilichokosekana ni nia ya kuiita kazi. Ukiiita kazi inabidi ulipe mshahara, ndiyo maana ikaitwa mafunzo.

Nitoe haki panapostahili. Mwaka huo huo wa 2011 Wizara ya Afya iliamuru hospitali zilizo chini yake zisitishe programu zote za mafunzo ya manesi wa kujitolea. Ni hatua nzuri. Lakini soma vizuri: zilizo chini yake. Hospitali nyingi za Ufilipino ni za watu binafsi au za serikali za mitaa, na huko amri ya wizara haifiki kwa urahisi.

Utetezi wa pili unaniudhi zaidi, nao ni ule wa uzalendo. Eti nesi kijana haipendi nchi yake, anaikimbia. Hebu tuangalie nani alimkimbia nani. Mwaka 2002 bunge la Ufilipino lilipitisha Sheria ya Uuguzi, namba 9173, na ndani yake kifungu cha 32 kikasema nesi wa hospitali ya umma aanzie daraja la 15 la mshahara. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomtaka binti afanye mtihani, na akitibu bila leseni itamfunga. Yeye aliitii. Serikali haikuitii. Iliendelea kumlipa nesi anayeanza kwa daraja la chini kwa miaka mingi, na mwaka 2016 Rais Benigno Aquino wa tatu, akikaribia kuondoka madarakani, akakataa kusaini muswada mpya wa uuguzi kwa hoja kwamba mshahara ule ungevuruga ngazi za mishahara ya watumishi wengine. Ilibidi suala lifike Mahakama Kuu ya nchi, ambayo Oktoba 2019 ikasema kifungu kile ni halali. Malipo yakaanza 2020. Miaka kumi na minane! Binti aliyezaliwa siku sheria inapita alikuwa amefika umri wa kuanza chuo cha uuguzi. Na bado hukumu ile inawahusu wa hospitali za umma peke yao. Wa hospitali binafsi wengi wanaendelea kuzungukia kima cha chini cha mshahara, kile kile anacholipwa mtu asiye na shahada wala leseni.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 serikali iliyokuwa ikiwaambia wamezidi ikawapiga marufuku kusafiri, hata wale waliokwisha kuitwa na waajiri nje. Novemba ikalegeza ikaweka kikomo cha watu 5,000 kwa mwaka. Na Februari 2021 ofisa wa wizara ya kazi, Alice Visperas, akasema hadharani kwamba nchi iko tayari kuondoa kikomo kwa ajili ya Uingereza na Ujerumani kama nazo zitakubali kutoa chanjo. Manesi kwa chanjo! Waingereza walijibu kwamba hawana mpango huo. Mimi nilisoma habari ile mara mbili nikidhani nimekosea. Shujaa mpya amewekwa kwenye mizani na chupa za dawa.

Mlidhani imeisha? Juni 2023 Waziri wa Afya mpya, Ted Herbosa, aliingia ofisini akakuta nafasi 4,500 za uuguzi ziko wazi kwenye hospitali za serikali, na wizara yenyewe ikisema nchi inapungukiwa manesi zaidi ya 100,000. Wazo lake la kwanza likawa nini? Kuwachukua waliofeli. Simtanii. Alipendekeza wahitimu waliopata kati ya asilimia 70 na 74 kwenye mtihani waajiriwe kwa leseni za muda. Akakumbushwa kwamba sheria hairuhusu, na mpango ukageuzwa wakawa wasaidizi wa wauguzi. Sina ubaya na waliokosa alama moja. Wapewe nafasi ya kurudia, wasaidiwe. Ila tazameni mlolongo: mwaka 2010 aliyefaulu anaambiwa mmezidi, lipa ujitolee; mwaka 2023 aliyefeli anaambiwa mmepungua, njoo. Katikati hapo hakuna aliyemtafuta yule wa kwanza.

Yuko wapi? Wengine wamefika Saudia na Marekani. Wengine wako hapo hapo Manila, kwenye vile vituo vya kupokea simu za wateja wa kampuni za Kimarekani, wanakesha usiku wakieleza mtu wa Ohio kwa nini bili yake imepanda. Kiingereza kizuri, sauti ya upole, uvumilivu kwa mtu anayefoka: yote aliyafunzwa ili amtulize mgonjwa. Na kule analipwa kuliko wodini, ana bima, hakuna anayemwambia aende kwa mhasibu kwanza.

Na sisi je? Msicheke mbali. Hapa kwetu kuna wauguzi waliomaliza vyuo wanaojitolea kwenye hospitali na vituo vya afya wakisubiri ajira zitangazwe, wakiishi kwa nauli ya mjomba. Mkono haukuwekwa mfukoni mwao kama wa Manila, lakini neno ni lile lile, kujitolea, na zamu ni zile zile. Majirani zetu Kenya wamekwenda mbele zaidi: Julai 2021 walitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka manesi wa Kenya wasio na ajira. Wasio na ajira, katika nchi ambayo wodi zake hazina manesi wa kutosha. Ukiusoma mkataba kama huo huku umeisoma historia ya Ufilipino, unajua hospitali zitagundua nini muda si mrefu: kwamba kijana anayetaka kwenda Uingereza anahitaji uzoefu, na uzoefu una bei.

Kwa hiyo kabla waziri yeyote, wa Manila au wa Nairobi au wa hapa, hajasimama kwenye maikrofoni kusema manesi wamezidi au manesi wamepungua, aoneshe kwanza daftari la nafasi zenye mshahara. Herbosa alikuwa na 4,500. Nesi wa Julai 2010 leseni yake huhuishwa kila miaka mitatu, analipia, tena sheria ya mwaka 2016 inamtaka ahudhurie na semina ndipo ahuishiwe. Jina lake limo kwenye orodha ya tume ya leseni, na namba ya leseni, na anwani. Mtu angeweza kumpigia simu. Afadhali tu ampigie mchana, maana usiku yuko kazini, anazungumza na Ohio.